Velma Johnston: Katibu muhtasi aliyewapigania farasi-mwitu wa Marekani hadi Rais akasaini

Asubuhi moja mwaka 1950, Velma Johnston alikuwa anaendesha gari kwenda kazini mjini Reno, jimbo la Nevada, Marekani. Mbele yake kulikuwa na lori la mifugo, na nyuma ya lori hilo damu ilikuwa inadondoka barabarani.

Wengi wangelipita na kuendelea na safari zao. Yeye akalifuata. Liliposimama alichungulia ndani, akaona farasi wameshindiliwa kama magunia ya mkaa. Walikuwa na majeraha, na chini yao mtoto wa farasi alikuwa anakanyagwa na wakubwa waliokosa pa kuweka miguu. Baadaye akaja kujua kwamba hao walikuwa farasi-mwitu, wamekamatwa milimani kwa kufukuzwa na ndege, na walikuwa wanapelekwa kusagwa wawe chakula cha mbwa na paka.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna sheria iliyovunjwa pale. Dereva alikuwa anafanya biashara halali kabisa.

Miaka 21 baadaye, Rais wa Marekani alisaini sheria iliyogeuza biashara ile kuwa kosa la jinai. Kati ya siku hizo mbili ndipo yalipo maisha ya mama huyu, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Wild Horse Annie, yaani Annie wa farasi-mwitu.

Msichana ndani ya hogo

Velma Bronn alizaliwa Reno tarehe 5 Machi 1912, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yake, Joseph Bronn, alikuwa msafirishaji wa mizigo kwa magari ya kukokotwa, na baadhi ya wanyama wake walikuwa farasi-mwitu waliozoeshwa kazi. Nyumbani kulikuwa na simulizi kwamba baba huyo, akiwa mchanga, familia ilipokuwa inavuka jangwa alinusurika kwa kunyweshwa maziwa ya farasi-mwitu. Ni hadithi ya ukoo, lakini Velma alikua akiisikia, na haikumtoka.

Akiwa na miaka 11 akaugua polio. Alipelekwa hospitali San Francisco, mbali na kwao, akafungwa hogo la kukaza mwili kwa miezi kadhaa. Lilipotolewa, mgongo na uso vilikuwa vimepinda, na vilibaki hivyo. Shuleni watoto walimcheka. Maumivu alikuwa nayo hadi uzeeni, japo wengi waliofanya naye kazi hawakuyajua kwa sababu hakuwa mtu wa kulalamika. Alipenda kuvaa vizuri, nywele zimetengenezwa, na kazi yake ya kupiga taipu haikuwa na dosari.

Akaajiriwa kuwa katibu muhtasi wa meneja wa bima mjini Reno, Gordon Harris, na kazi hiyo akaifanya kwa miongo kadhaa. Akaolewa na Charlie Johnston, mwanaume mrefu, mpole, mtu wa farasi. Hawakujaliwa watoto. Basi shamba lao dogo la Double Lazy Heart, karibu na Wadsworth kando ya mto Truckee, wakaligeuza mahali pa watoto wa watu wengine kuja kujifunza kupanda farasi na kulala nje chini ya nyota. Watoto hawa tukumbuke, maana walikuja kuwa silaha.

Farasi wasio na mwenyewe

Farasi hao huitwa mustangi, neno lililotokana na Kihispania lenye maana ya mnyama aliyepotea, asiye na mwenyewe. Wahispania ndio waliovuka bahari na farasi karne ya 16. Wengine walitoroka, wengine waliachwa, wakachanganyika na farasi wa wakulima na wa jeshi waliokuja baadaye. Pamoja nao wapo punda-mwitu, ambao asili yao ya mbali kabisa ni huku kwetu, kaskazini-mashariki mwa Afrika.

Kutokuwa na mwenyewe ndiko kulikowaponza. Ng'ombe na kondoo walipoongezeka kwenye maeneo makavu ya magharibi, wafugaji waliwaona farasi kama wezi wa nyasi na maji. Serikali nayo, kupitia idara inayosimamia ardhi ya umma, ilitaka wapunguzwe. Viwanda vya chakula cha mbwa vikatoa soko.

Ukamataji wenyewe ulikuwa hivi. Ndege ndogo inashuka chini karibu na migongo ya farasi, inawatoa korongoni kwa kelele, wakati mwingine kwa risasi, mpaka wafike uwanda mkavu. Hapo malori yanapokea mbio. Mtu aliyesimama juu ya lori anarusha kamba shingoni mwa farasi, na mwisho wa kamba kumefungwa tairi zito la gari. Mnyama anakimbia anaburuta tairi hadi pumzi inakata. Kisha anafungwa miguu, anavutwa juu ya lori kwa ubao. Maji hapewi, chakula hapewi, kwa sababu anauzwa kwa uzito, senti chache kwa ratili, na mnunuzi hajali kama anafika mzima au nusu mfu.

Ukitaka kuona picha ya mambo hayo, filamu ya The Misfits ya mwaka 1961, aliyoigiza Marilyn Monroe pamoja na Clark Gable, ilipigwa Nevada na inahusu kazi hiyohiyo.

Kejeli iliyogeuka jina

Vita ya kwanza ilikuwa ndogo. Mwaka 1952 Velma alisikia kuna mpango wa kukamata farasi kwa ndege katika wilaya ya Storey, yenye makao makuu Virginia City. Yeye, Charlie na majirani wakakusanya saini, wakaenda kwenye kikao cha viongozi wa wilaya. Wakashinda, ndege zikapigwa marufuku katika wilaya hiyo.

Inasimuliwa kwamba katika enzi hizo ofisa mmoja wa serikali alimbeza kwa kumwita Wild Horse Annie. Alidhani anamshusha. Velma akalichukua jina lile, akaanza kulitumia mpaka kwenye barua zake. Kwa kampeni isiyo na pesa, jina ambalo mwandishi wa habari halisahau ni mtaji, na yeye alilijua hilo mapema kuliko washauri wengi wa siasa wa leo.

Mwaka 1955 jimbo zima la Nevada likapitisha sheria ya kuzuia ndege na magari katika ukamataji. Lakini kulikuwa na tundu kubwa: sheria ya jimbo haikugusa ardhi ya serikali kuu, na Nevada zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ni ya serikali kuu. Kwa maneno mengine, farasi walilindwa mahali ambapo hawapo.

Ikabidi aende Washington. Lakini aende na nini? Hakuwa na chama wala mfuko. Alikuwa na taipureta, na akawa anaitumia usiku baada ya kazi. Aliandikia magazeti, walimu, vikundi vya akina mama, wapanda farasi. Zaidi ya wote aliandikia watoto wa shule, naye akawajibu walipomwandikia. Watoto wakaandika kwa wabunge, barua kwa maelfu, kwa penseli na michoro ya farasi. Mbunge anaweza kuweka kando barua ya mfugaji mmoja. Gunia zima la barua za watoto wa jimbo lake, ambao wazazi wao wanapiga kura, ni habari nyingine.

Mbunge wa Nevada, Walter Baring, akabeba muswada. Julai 1959 Velma akasimama mbele ya kamati ya Bunge na kutoa ushahidi, akiwa na picha za farasi waliofungwa kwenye matairi. Hakupayuka wala kulia. Alitoa maelezo hatua kwa hatua kama mtu anayesoma hesabu za ofisi. Tarehe 8 Septemba mwaka huohuo Rais Eisenhower akasaini sheria ya kupiga marufuku ndege na magari kuwakamata au kuwaua farasi-mwitu kwenye ardhi ya umma, na kutia sumu vyanzo vya maji. Watu wakaiita sheria ya Wild Horse Annie.

Sheria yenye matundu

Sherehe haikudumu. Sheria ile ilikataza njia ya kukamata, lakini haikumpa farasi haki ya kuwepo. Pia ilikuwa vigumu kumtia mtu hatiani, kwa sababu mfugaji aliweza kuachia farasi wake mwenye alama ndani ya kundi la porini, kisha akadai anafuata mali yake. Na ukamataji kwa kutumia farasi wa kupandwa haukuguswa.

Velma alipokea vitisho. Wapo waliomwona msaliti wa watu wa ng'ombe, hasa kwa kuwa naye alikuwa mtu wa shamba. Halafu mwaka 1964 Charlie akafariki kwa ugonjwa wa mapafu. Akabaki bila mtu aliyekuwa naye tangu siku ya kwanza. Asubuhi aliendelea kwenda ofisini kwa Harris, jioni aliendelea na barua.

Mwaka 1968 kukawa na mpango wa kuwaondoa farasi wa milima ya Pryor, mpakani mwa Montana na Wyoming. Wananchi wa huko walipinga, yeye akawaunga mkono kwa nguvu zote, na Septemba mwaka huo serikali ikatenga eneo la zaidi ya ekari 30,000 kwa ajili ya farasi hao.

Mwaka 1971 akarudi Bungeni. Safari hii barua zilikuwa nyingi mno, hadi inasemekana ni vita ya Vietnam peke yake iliyowashinda farasi kwa wingi wa barua. Muswada ukapita bila kura ya kupinga, na tarehe 15 Desemba 1971 Rais Nixon akasaini. Farasi-mwitu na punda-mwitu wakawa chini ya ulinzi wa serikali kuu, kama sehemu ya historia hai ya magharibi. Kumuua au kumnyanyasa mmoja wao ikawa faini hadi dola 2,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kumbe hata hapo kazi haikuisha. Mwaka 1973 karibu na kijiji cha Howe, Idaho, kundi la farasi lilifukuzwa hadi ukingoni mwa genge, baadhi wakaanguka na kufa. Walionusurika walikutwa wamebanwa pua kwa pete za chuma ili wasipumue vizuri na wasiweze kukimbia. Watetezi wa farasi wakalipeleka suala hilo mahakamani. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi nyingine iliyotoka New Mexico, ikathibitisha kwamba sheria ya 1971 ni halali. Mwaka huohuo Bunge likairuhusu serikali yenyewe kutumia helikopta kuwakusanya farasi wanapozidi. Yaani ndege iliyofukuzwa mlangoni ikarudi kwa dirisha, safari hii na kibali.

Velma Johnston alifariki kwa saratani mjini Reno tarehe 27 Juni 1977, akiwa na miaka 65.

Kilichobaki

Mwaka 1971 farasi na punda hao walikadiriwa kuwa 25,000 hivi. Wakilindwa huongezeka haraka, kwa kuwa wanyama wanaowawinda ni wachache. Miaka ya karibuni idadi porini imepita 70,000, na wengine zaidi ya 60,000 wako kwenye maboma ya serikali wakilishwa kwa kodi za wananchi. Wafugaji wanasema ni wengi mno. Watetezi wanasema ng'ombe ndio wengi mno. Ugomvi uleule.

Njia mojawapo ya kuwapunguza ni kuwapa wananchi wawafuge. Anayetaka lazima awe na zizi lenye uzio wa futi 6 kwa farasi mkubwa ambaye hajazoeshwa, na hapewi hati ya umiliki mpaka mwaka mmoja upite ikionekana mnyama anatunzwa. Shingoni, upande wa kushoto, farasi huwa na alama ya kumtambulisha iliyopigwa kwa chuma cha baridi kali.

Kumzoesha si mchezo. Huyu hajawahi kuguswa na mkono wa mtu, na kwake mtu ni mnyama mla nyama. Siku za mwanzo mwenye busara hafanyi kitu zaidi ya kuweka nyasi kavu na maji, kisha anakaa kimya karibu na uzio. Baadaye anasogea hatua moja. Farasi akikaza shingo, anasimama. Akilegeza masikio au kutafunatafuna mdomo, mtu anarudi nyuma, na huko kurudi nyuma ndiko zawadi yenyewe. Mguso wa kwanza mara nyingi ni begani, hatamu zinafuata, kisha kuinua kwato, na tandiko ni la mwisho kabisa. Mwenye haraka huanza upya kila asubuhi.

Moja ya sehemu zilizofanya kazi hiyo ni gereza lililo karibu na Carson City, kusini kidogo ya Reno. Huko wafungwa wamekuwa wakikabidhiwa farasi waliotoka porini, wanawazoesha kwa miezi kadhaa, kisha farasi wananadiwa hadharani, wakiwa wamepandwa na wafungwa haohao.