Mtakatifu Columba: kutoka vitani hadi kibandani



Tarehe 9 Juni Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Columba, abati. Alizaliwa Ireland mwaka 521, ukoo wa kifalme kabisa. Elimu anayo, jina analo. Ila hasira zake hazikuwa za mchezo.

Mapokeo yanasimulia kwamba alinakili Zaburi za mwalimu wake Finnian bila ruhusa, na walipogombania nakala ile, ukoo mzima ukaingia. Mwaka 561 ikapiganwa vita pale Cúl Dreimhne. Watu wakafa. Hebu fikiria, damu imwagike kwa ajili ya kitabu cha sala!

Mwaka 563 aliiacha nchi yake, akavuka bahari na wenzake 12 hadi Iona, kisiwa kidogo cha Scotland. Hawakujenga jumba. Ni kanisa dogo, vibanda, na tuta la udongo kuzunguka makazi yao. Sehemu ya tuta hilo ipo hadi leo. Adomnán, abati aliyeandika maisha yake, anasema Columba alilala juu ya mwamba, mto wake ukiwa jiwe, na alikuwa na kibanda mahali pa juu alipokuwa akiandikia.

Sasa sikia hii. Mwaka 1957 wanaakiolojia walichimba kilima cha mawe kiitwacho Tòrr an Aba, yaani kilima cha abati, wakakuta mabaki ya kibanda kilichoungua. Makaa yake yalitunzwa miaka mingi ndani ya viberiti tu! Yalipopimwa, majibu ya mwaka 2017 yakaonyesha ni ya kati ya mwaka 540 na 650. Enzi zake hizo hizo.

Na mle kibandani alifanya nini? Alinakili Maandiko. Kalamu ile ile iliyozua ugomvi hakuitupa; aliirudisha kwa Mungu. Siku yake ya mwisho, mwaka 597, alikuwa bado ananakili Zaburi. Aliishia katikati ya Zaburi ya 34, akamwachia Baithéne aendelee. Usiku kengele ilipolia akawahi kanisani, akafia mbele ya altare.

Kijana mwenzangu, kipaji chako kimewahi kuumiza mtu? Ulimi, simu, akili, ubishi? Usikizike. Omba msamaha, kisha kitumie hicho hicho kujenga, kila siku, hata kama hakuna anayekuona.

Mtakatifu Columba, utuombee.