Bomani na mizani ya pamba

Kila tangazo la kazi ya mchambuzi wa biashara ninalolisoma linataka mtu anayejua Excel, hifadhidata na kuchora michoro ya namna kazi inavyokwenda kutoka meza hadi meza. Sawa, tunajifunza. Ila mchambuzi aliyenifanya niielewe kazi hii aliifanya bila kugusa kompyuta. Ni Paul Bomani, yule ambaye kaka na dada zetu wa Mlimani walitunukiwa shahada mbele yake, maana alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1993 mpaka alipofariki mwaka 2005.

Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mhubiri wa Kisabato. Baada ya shule akapata ukarani wa hesabu kwenye mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui. Huku chuoni tunauona ukarani ni kazi ya kusubiria kazi. Lakini karani ndiye anayeona kilichoingia na kilichotoka, na akiwa na akili anajiuliza kilichopungua kimepotelea wapi. Mwaka 1947 akaenda Mwanza kusimamia ushirika wa wafanyabiashara Waafrika, na huko ndiko alikokutana na pamba.

Sasa hapa tuliza akili kidogo. Bei ya pamba ilikuwa inapangwa na serikali. Mkulima wa Usukuma aliijua, mnunuzi aliijua. Hata hivyo mkulima alirudi nyumbani na pesa pungufu. Kama bei haibadiliki, basi kinachobadilika ni uzito. Tatizo lilikaa kwenye mizani ya mnunuzi, ambayo mkulima hakuwa na namna ya kuihakiki. Dawa yake ilikuwa rahisi mno: mizani ya pili, ya wakulima wenyewe, mzigo upimwe kabla haujafika kwa mnunuzi. Wazo hilo halikuwa la Bomani peke yake. Alichofanya yeye ni kuzunguka vijijini, kusikiliza, na kuviunganisha vikundi hivyo vya kupima viwe kitu kimoja chenye nguvu. Mwaka 1953 akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Aliporudi, mwaka 1955 likaanzishwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, naye akiwa meneja mkuu. Miaka michache tu baadaye pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilikuwa inapita mikononi mwake, na shirikisho likamiliki vinu vyake vya kuchambulia pamba. (Kiswahili kina bahati: neno letu la kutenganisha nyuzi na mbegu ndilo hilo hilo la kazi ninayoitafuta.)

Mimi natoka Ruanda, Mbinga, mbali kabisa na Mwanza. Ziwa letu ni Nyasa. Lakini habari ya mizani hatuhitaji kuhadithiwa. Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapita kwetu usiku na mchana, na tani zinazoandikwa ndizo zinazogeuka kuwa mapato ya mtu, kuanzia mwenye lori hadi halmashauri. Kule juu Umatengoni ni kahawa, na kilo ya kahawa nayo inaanzia kwenye mizani ya chama cha msingi. Ndiyo maana maisha ya Bomani nayasoma kama somo la kozi.

Na somo lenyewe lina upande mchungu. Bomani alikuwa Waziri wa Fedha tangu 1962, na Juni 1965 ndiye aliyelitangazia Bunge kwamba Tanzania itakuwa na sarafu na benki kuu yake. Miezi michache baadaye ukaja uchaguzi, na waziri huyo mkubwa akaangushwa huko huko Mwanza, kwenye kura za watu aliowapigania. Sababu za kura huwa nyingi, sitaki kujifanya mjuzi. Ila mwaka 1966 kamati iliyoundwa na Rais kuchunguza ushirika ilikuta manung'uniko ya wanachama yametapakaa: wizi, vitabu vya hesabu vibovu, watumishi wasiofunzwa. Kwa hiyo ile mizani ya pili nayo ilikuwa imekosa wa kuihakiki. Ushirika ulikua haraka kuliko makarani wake. Hapo ndipo ninapomlaumu kidogo Bomani, maana yeye, karani wa Mwadui, alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Nyerere akamteua kuwa mbunge na kumkabidhi mipango ya uchumi, baadaye akampeleka Washington kuwa balozi.

Fildi mwaka huu nimeomba kwenye chama cha msingi cha kahawa huko kwetu Mbinga. Nikipokelewa, nitaanza na daftari la mizani, halafu nitaomba nionyeshwe nani analikagua, na lini alilikagua mara ya mwisho.