Paul Robeson: jina lililofutwa katika ekipi

Ekipi ya mupira wa Kimarekani iko na watu 11. Lakini kuna wakati kitabu kimoja huko Marekani kilichapa ekipi ya heshima ya mwaka wa 1918 na majina 10 tu. Fasi moja ilibaki wazi. Jina lililotolewa lilikuwa la Paul Robeson. Juu ya nini walilitoa, na namna gani lilirudi, njo habari yetu ya leo. Musomaji anayeshuka mu shimo kila siku ataona kama inamugusa yeye pia.

Paul alizaliwa tarehe 9 mwezi wa ine 1898, katika muji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake alizaliwa mutumwa. Alipokuwa na miaka 15 alitoroka shamba la bwana wake, kisha akasoma na kuwa muchungaji. Mama alikufa kwa moto wa jiko wakati Paul alikuwa bado mutoto mudogo. Baba alimulea kwa ukali na kwa upendo: masomo kwanza, na kutojishusha mbele ya mutu yeyote.

Mwaka wa 1915 Paul alishinda mashindano ya masomo ya jimbo lake, akapata fasi ya kusoma bila kulipa katika chuo kikubwa cha Rutgers. Wakati ule hakukuwa mwanafunzi mweusi mwingine pale. Mbele yake walikuwa wamepita wawili tu, na chuo kilikuwa na miaka karibu 150.

Akaomba kuingia katika ekipi ya mupira. Ule si mupira tunaoujua sisi. Balo iko na umbo la yai, inabebwa kwa mikono, na kuangusha adui ni kazi ya kila siku. Siku ya kwanza ya majaribio, wenzake wa ekipi ile ile walimurukia: wakamuvunja pua, wakamuumiza bega. Alilala kitandani siku kumi. Alitaka kuacha. Lakini baba alikuwa amemufundisha kama pale haendi kwa jina lake peke yake: nyuma yake kuko watoto wote weusi wanaotaka kucheza na kusoma. Akarudi uwanjani.

Aliporudi, muchezaji mumoja akamukanyaga mukono kwa kiatu chenye meno, kucha zikatoka. Hapo hasira ikamupanda. Balo iliporudi, akamukamata aliyeibeba, akamuinua juu ya kichwa, tayari kumupiga chini. Antrenere, Foster Sanford, akapiga kelele mbio ya kama Robeson ameingia katika ekipi. Paul akamushusha mutu pole. Tangu siku ile hakuna wa ekipi aliyemugusa tena.

Fasi yake ilikuwa mwisho wa musitari. Leo muchezaji wa fasi ile kazi yake kubwa ni kukimbia mbali na kupokea balo inayorushwa. Wakati wa Paul mutu alifanya yote: kupokea balo, kuwafungulia wenzake njia, na wakati adui wanashika balo, kuwaangusha. Paul alikuwa murefu, muzito, na bado mwenye mbio. Tena hakucheza mupira ule tu. Alicheza baseball na basket, akarusha kisahani. Na katika masomo alikuwa kati ya wa kwanza.

Lakini mwaka wa 1916, wakati chuo kilikuwa kinafanya sikukuu ya miaka 150, ekipi ya Washington and Lee ilitoka Kusini ikakataa kucheza na mutu mweusi. Rutgers wakakubali. Paul akakaa nje, akiangalia. Mechi iliisha 13 kwa 13. Mwaka uliofwata ekipi ingine iliomba vile vile, na mara hii Sanford akakataa. Katika ule mwaka wa 1917 Rutgers iliipiga ekipi ya wanajeshi wa maji wa Newport, iliyojaa wachezaji wenye sifa, 14 kwa 0. Paul akawekwa kati ya wachezaji bora wa inchi yote, mwaka ule na 1918.

Alimaliza chuo 1919, akasoma sheria katika Columbia, huku akicheza mupira wa kulipwa Akron na Milwaukee ili apate feza. Kazi ya avoka hakuishika sana: katika biro, mwandishi mumoja muzungu alikataa kuandika maneno ya mutu mweusi. Paul akatoka. Akafwata sauti yake, sauti nzito sana, na dunia ikamujua kwa nyimbo na kwa teatre. Huko London alijifunza lugha za Afrika, hata Kiswahili chetu.

Ni London pia alikutana na wafanyakazi wa makaa ya mawe kutoka Wales. Walikuwa wametembea kwa miguu mpaka muji mukubwa, bila kazi, njaa ikiwauma, wakiimba katika njia. Paul akaingia kati yao, akaimba nao, kisha akawatafutia treni ya kuwarudisha kwao. Urafiki ule haukufa. Mwaka wa 1940 alicheza filimu, The Proud Valley, juu ya mweusi anayeingia kufanya kazi mu shimo lao na kutoa maisha yake ili wenzake wapone.

Kisha shida ikaanza. Alisema wazi juu ya haki za weusi. Pia alisifu Urusi ya Stalin, na juu ya watu walioteswa kule alinyamaza. Hata marafiki wengine hawakumusamehe neno lile. Mwaka wa 1950 serikali ikamunyang'anya paspoti. Majumba ya kuimbia yakafunga milango. Njo wakati jina lake lilitolewa hata katika ekipi ya 1918, sawa vile hakugusa balo hata siku moja.

Nani hawakumutupa? Wa mashimo. Mwaka wa 1952 sindika ya wafanyakazi wa mashimo na wayeyusha madini wa Kanada ilimualika. Alikatazwa kuvuka mupaka. Basi mwezi wa tano akapanda juu ya kamio, upande wa Marekani, akaimba, na maelfu ya watu wakasikiliza kwa pande zote mbili. Mwaka wa 1957 watu wa Wales wakakusanyika Porthcawl, na sauti yake ikawafikia kwa telefone, katika waya unaopita chini ya bahari. Nao wakamuimbia yeye. Paspoti ilirudi 1958, na mwaka ule akawafikia kwa miguu yake.

Paul Robeson alikufa tarehe 23 mwezi wa kwanza 1976, katika Philadelphia. Mwaka wa 1995, miaka 19 kisha kufa kwake, jina lake liliingizwa katika Nyumba ya Heshima ya mupira wa vyuo. Walichelewa. Watu wa Wales hawakungojea siku ile: kwao jina halikufutwa hata mara moja.