John Moses Browning

John Moses Browning (23 Januari 1855 – 26 Novemba 1926) alikuwa mbunifu wa silaha kutoka Marekani. Alipata hataza 128, na bunduki alizobuni zilitumiwa na wawindaji, polisi na majeshi ya nchi nyingi. Kati ya kazi zake za mwanzo ni bunduki za kuwindia zenye wenzo. Umbo la bunduki hizo liliathiri kwa miaka mingi namna wawindaji walivyolenga: kwa vilengeo vya chuma au kwa darubini.

Maisha ya awali

Browning alizaliwa mjini Ogden, Utah. Baba yake, Jonathan Browning, alikuwa fundi bunduki na muumini wa Kanisa la Wamormoni. John alijifunza ufundi katika karakana ya baba yake, na akiwa bado mtoto alitengeneza bunduki kwa vyuma chakavu. Mwaka 1879 alifiwa na baba yake. Mwaka huohuo alipata hataza yake ya kwanza, ya bunduki ya risasi moja. Yeye na ndugu zake waliitengeneza wenyewe mjini Ogden hadi mwaka 1883, kampuni ya Winchester iliponunua haki zake kwa dola 8,000.

Bunduki za wenzo

Bunduki ya aina hii ina mkono wa chuma chini ya kifyatulio. Mwindaji akiusukuma chini, ganda tupu hutoka. Akiurudisha juu, risasi nyingine huingia tayari kupigwa. Bunduki za namna hiyo zilikuwepo kabla ya Browning, lakini zile za Winchester zilikuwa dhaifu kwa risasi kubwa zaidi za wakati ule. Browning aliimarisha komeo lake katika modeli ya 1886, kisha akabuni modeli za 1892, 1894 na 1895. Ile ya 1894 ilitengenezwa zaidi ya mara milioni 7, na ikawa bunduki ya kawaida ya kuwinda kulungu nchini Marekani.

Vilengeo vya chuma na darubini

Katika modeli hizo, ganda tupu hutokea juu. Darubini ikifungwa hapo katikati, huziba njia ya ganda. Kwa hiyo wenye bunduki hizo walibaki na vilengeo vya chuma, yaani kinundu mbele ya mtutu na mfuo au tundu dogo nyuma. Waliotaka darubini walilazimika kuifunga ubavuni au kuisogeza mbele juu ya mtutu. Kampuni za Marlin na Savage zilitengeneza bunduki za wenzo zinazotoa ganda ubavuni, na hizo zilikubali darubini kwa urahisi zaidi.

Kwa uwindaji wa msituni kasoro hiyo haikuwa kubwa. Risasi za modeli ya 1894 hupangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba chini ya mtutu. Risasi yenye ncha kali ingeweza kugonga fataki ya iliyo mbele yake na kuilipua, hivyo zilitumika risasi butu, ambazo hupoteza kasi mapema. Mnyama alipigwa kwa karibu, na vilengeo vya chuma ni vyepesi na huliwahi jicho haraka. Darubini ina faida mahali pa wazi, wakati wa mwanga hafifu, na kwa mwindaji ambaye macho yake yamepungua nguvu: humwezesha kumtambua mnyama vizuri kabla ya kupiga, na kupunguza hatari ya kumjeruhi bila kumwua.

Modeli ya 1895 ilikuwa na magazini ya kisanduku, hivyo iliweza kutumia risasi zenye ncha. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja nayo Afrika Mashariki alipofika Mombasa mwaka 1909, akaitumia kuwinda simba. Ingawa alivaa miwani, aliilenga kwa vilengeo vya chuma.

Kutengana na Winchester

Winchester ilikuwa ikinunua miundo ya Browning kwa malipo ya mara moja. Mwaka 1902 alidai mgawo kwa kila bunduki itakayouzwa ya modeli yake mpya ya bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe. Kampuni ilikataa, naye akapeleka kazi hiyo kwa kiwanda cha FN nchini Ubelgiji. Baadaye alibuni bastola ya M1911 na bunduki za rashasha zilizotumiwa na jeshi la Marekani. Bastola yake nyingine, iliyotengenezwa na FN, ndiyo iliyomwua mrithi wa ufalme wa Austria mjini Sarajevo mwaka 1914.

Kifo na urithi

Browning alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa kazini katika kiwanda cha FN, karibu na Liège. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 modeli ya 1894 ilibadilishwa ili ganda litoke kwa mshazari upande wa kulia, na darubini ikaweza kufungwa juu yake. Hata hivyo, wawindaji wengi wanaendelea kuitumia kwa vilengeo vya chuma.