Abraham Lincoln: Mchumba Aliyekubali Kusaidiwa

Wako watu ambao hushikwa ghafla na hofu kubwa, moyo ukawaenda mbio na pumzi ikawapaa. Wengine hulemewa na huzuni siku baada ya siku hata wakatamani kufa. Wengi wao huficha hali hiyo kwa mchumba, mke au mume, wakidhani ni aibu. Mwezi huu tumtazame mtu mashuhuri ambaye hakuficha.

Abraham Lincoln alizaliwa mwaka 1809 katika jimbo la Kentucky, Marekani. Alikuwa na miaka 9 tu mama yake alipofariki. Mwaka 1835, akiwa kijana huko New Salem, Illinois, alifiwa na Ann Rutledge, msichana ambaye majirani walisema alimpenda sana. Alihuzunika mpaka watu wakahofia atajiua. Mzee mmoja, Bowling Green, na mkewe wakamchukua akae kwao mpaka apate nafuu.

Baadaye alihamia mji wa Springfield, akiwa mwanasheria na mbunge wa jimbo. Huko akamchumbia Mary Todd. Lakini uchumba huo ulivunjika mwanzoni mwa mwaka 1841, na huzuni ikamrudia kwa nguvu. Siku kadhaa alishindwa kwenda bungeni. Rafiki yake Joshua Speed, ambaye walikaa chumba kimoja juu ya duka, aliona hatari. Hakumcheka wala hakumwambia ajikaze kiume. Aliondoa nyembe na visu chumbani, akamwangalia.

Lincoln naye hakunyamaza. Alimwendea daktari, Anson Henry, akamwandikia pia mwanasheria mwenzake kumweleza jinsi alivyokuwa na huzuni isiyo kifani. Madaktari wa siku zile hawakuwa na dawa za maana kwa ugonjwa huo. Hata hivyo alitafuta msaada. Mwezi wa Agosti alikwenda kwa familia ya Speed karibu na Louisville, akapumzika majuma kadhaa, akitunzwa kama mwana wa nyumba ile.

Ajabu ni kwamba muda si mrefu Speed mwenyewe alishikwa na wasiwasi mkubwa kabla ya harusi yake. Sasa Lincoln ndiye aliyemwandikia barua za kumtia moyo. Speed alioa Februari 1842. Lincoln na Mary wakapatana, wakafunga ndoa tarehe 4 Novemba mwaka huohuo, wakajaliwa wana wanne.

Tusidanganyane kwamba huzuni ilimwisha kabisa. Ilimrudia mara nyingi, hasa walipofiwa na watoto wao wawili, mmoja mwaka 1850 na mwingine 1862. Lakini aliishi. Mwaka 1861 akawa Rais wa Marekani, akaiongoza nchi katika vita vikali na kutangaza uhuru wa watumwa, mpaka alipouawa kwa risasi Aprili 1865.

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mficha ugonjwa, kilio humfichua. Ukiona mwenzako halali, hali, anajitenga au anasema heri afe, usimkemee. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Ondoa sumu ya shamba, vidonge, kamba na visu. Usimwache peke yake. Kisha mfuatane hospitalini, maana leo madaktari wana dawa na ushauri ambao Lincoln hakuupata.

Nawe unayeumia, usingoje mwenzako akisie. Mwambie leo, kwa maneno machache utakayoweza. Speed asingalijua kuondoa nyembe zile kama rafiki yake angalijifanya mzima.