Kamaru: Gwiji wa benga aliyethubutu kuwapoteza mashabiki wake

MWAKA wa 1993, mwanamuziki Joseph Kamaru alitangaza kuwa ameokoka na kwamba tangu hapo angeimba nyimbo za Injili. Bendi yake, Kamaru Super Stars, ilivunjwa na mahali pake ikaundwa Kamaru Celebration Choir. Kwa wapenzi wa muziki wa Kikuyu, kuanzia Murang'a hadi Karatina, Nyeri na Nanyuki, huo ulikuwa uamuzi mgumu kuupokea.

Kamaru alikuwa na umri wa miaka 54 wakati huo, naye alikuwa amerekodi nyimbo kwa takriban miaka 28. Yakadiriwa kwamba katika maisha yake aliuza santuri zipatazo nusu milioni, idadi ambayo wanamuziki wachache wa lugha za mama nchini Kenya waliikaribia. Ili msomaji aelewe ni kitu gani gwiji huyo alikuwa akikiweka hatarini, yafaa kurejea alikotoka.

Alizaliwa mwaka wa 1939 huko Kangema, katika wilaya ya Murang'a. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, alikuwa kijana wa miaka 13. Katika miaka iliyofuata, wakazi wa Nyeri na Murang'a walihamishwa kwa nguvu kutoka bomani mwao na kurundikwa katika vijiji vilivyolindwa na askari. Katika dhiki hiyo, wimbo ulikuwa silaha. Wafuasi wa Mau Mau walichukua sauti za tenzi za kanisani, wakaziwekea maneno ya kudai ardhi na uhuru. Kwa hiyo, katika eneo la Mlima Kenya, mpaka kati ya sala na siasa ulikuwa mwembamba tangu zamani. Jambo hilo lina uzito katika maisha ya Kamaru, kama tutakavyoona.

Alikwenda Nairobi kutafuta kazi mwaka wa 1957, mwaka ule ule ambapo Dedan Kimathi, aliyehukumiwa kifo mjini Nyeri, alinyongwa katika gereza la Kamiti. Miaka minane baadaye, Kamaru alirekodi Uthoni wa Mbathi-ini pamoja na dada yake, Catherine Muthoni. Mwaka wa 1967 kibao chake Celina kikamfanya awe maarufu zaidi.

Aliufahamu vyema muziki wa mababu na pia mwomboko, ngoma ya kodiani iliyowavutia vijana wa enzi za ukoloni. Hata hivyo, kilichomtofautisha na wenzake ni maneno. Alitunga kwa methali na mafumbo, hivi kwamba mzee na kijana waliweza kuusikiliza wimbo mmoja na kila mmoja akaondoka na maana yake.

Maneno hayo yalimponza mara nyingi. Mwaka wa 1969 alitoa Ndari ya Mwarimu, wimbo uliowakosoa walimu wanaowataka wanafunzi wao kimapenzi. Chama cha walimu kilighadhabika na kutishia mgomo. Kamaru hakurudi nyuma.

Alikuwa karibu na Rais Jomo Kenyatta hadi Machi 1975, wakati Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alipouawa na mwili wake kupatikana Ngong. Wengi walinyamaza kwa hofu. Kamaru aliimba kuyalaani mauaji hayo, na urafiki wake na Kenyatta ukafikia kikomo.

Chini ya Rais Daniel arap Moi, mambo yalianza kwa wema na kuishia vivyo hivyo. Kamaru aliandamana na Moi katika ziara ya Japani na kuisimulia safari hiyo katika wimbo. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1980, alikuwa upande wa waliodai mfumo wa vyama vingi. Kanda yake Mahoya ma Bururi, yaani maombi ya nchi, iliichukiza serikali, na duka lake likavamiwa na polisi.

Tazama jina hilo: maombi. Miaka michache kabla ya kuokoka kwake, Kamaru alikuwa tayari akitumia umbo la sala kusema yale ambayo hotuba za hadhara zisingeweza kuyasema.

Uchaguzi wa Desemba 1992 ulifuata. Kura za Mlima Kenya ziligawanyika kati ya Kenneth Matiba wa Murang'a na Mwai Kibaki wa Nyeri, naye Moi akarejea Ikulu. Haikuchukua muda mrefu kabla ya Kamaru kutangaza wokovu wake.

Soko lilitoa hukumu yake upesi. Mauzo ya kanda zake yalishuka. Waliokuwa wamezoea gitaa la benga linalojibizana na mwimbaji, na mafumbo yanayomgusa mwalimu, mpenzi na mtawala, hawakuwa tayari kumfuata katika kwaya.

Isitoshe, nyimbo alizoziacha hazikumwacha. Wanamuziki wa mugithi, wale wa gitaa moja, walizipiga katika mabaa usiku kucha. Redio za Kikuyu zilipoanza, Kameme mwaka wa 2000 na Inooro mwaka wa 2003, zilipata hazina ya vibao vya zamani vya kuwachezea wasikilizaji wao. Mtunzi alikuwa kanisani, tungo zake zikabaki sokoni.

Je, Kamaru alikosea? Mwandishi huyu haoni hivyo. Mtu aliyewaudhi walimu na marais wawili kwa kusema alichoamini asingetarajiwa kuimba asichokiamini tena kwa sababu tu wanunuzi walikitaka. Mashabiki waliosifu ukaidi wake dhidi ya wakubwa waliona uchungu ukaidi huo ulipowageukia wao.

Kamaru alifariki jijini Nairobi tarehe 3 Oktoba 2018, akiwa na umri wa miaka 79. Mjukuu wake, ambaye pia anaitwa Joseph Kamaru na hujulikana kama KMRU, ameshika njia ya majaribio katika muziki. Albamu yake Peel, iliyotoka mwaka wa 2020, haina methali wala gitaa la benga. Imejaa sauti ndefu zinazotiririka polepole, na imemletea sifa Ulaya. Shabiki wa babu yake akiisikia katika mabasi ya Karatina, huenda asiutambue ukoo huo.

Hata hivyo, ni mjukuu huyo aliyejitwika kazi ya kukusanya rekodi za babu yake na kuzitoa upya kupitia intaneti, ili kizazi kisichowahi kushika santuri kizisikie.