Mikhail Tsvet, mtu wa rangi aliyefungua njia ya kusaka sumu ndani ya maji

Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Urusi, aliaga dunia tarehe 26 Juni 1919 mjini Voronezh, akiwa na miaka 47. Wakati huo ni wachache waliojali kazi yake. Leo, maabara zinazosaka sumu za viwanda ndani ya maji zinafuata njia aliyoifungua.

Alizaliwa mwaka wa 1872 huko Asti, Italia, baba Mrusi na mama Mwitalia. Mama alifariki mtoto akiwa mchanga. Tsvet alikulia Uswisi na kupata shahada ya udaktari Geneva mwaka wa 1896. Alipohamia Urusi, shahada hiyo haikutambuliwa, ikabidi aanze upya.

Akiwa Warsaw, alitaka kujua rangi zilizomo ndani ya majani. Alijaza unga wa chaki katika bomba la kioo, akamimina juu yake rangi ya majani iliyoyeyushwa. Kila rangi ilishikamana na chaki kwa nguvu yake, ikashuka kwa mwendo wake: kijani mahali pake, manjano mahali pake. Mwaka wa 1906 aliita njia hiyo kromatografia, yaani kuandika kwa rangi. Na Tsvet, kwa Kirusi, ni rangi.

Wakemia wakubwa waliitilia shaka. Kisha vita vikaja. Mwaka wa 1915 Wajerumani waliteka Warsaw, naye akahama Moscow, Nizhny Novgorod, Tartu, mwishowe Voronezh. Njia yake ilifufuliwa Heidelberg, Ujerumani, mwaka wa 1931, miaka 12 baada ya kifo chake.

Mwaka wa 1952, Waingereza Anthony James na Archer Martin walitumia gesi kusukuma mvuke ndani ya bomba. Mwaka wa 1957, mwenzao James Lovelock alibuni kifaa chenye uwezo mkubwa wa kutambua vitu vyenye klorini.

Kimoja cha vitu hivyo ni trikloroetileni, dawa ya kuondoa mafuta kwenye vyuma viwandani. Haina rangi, huzama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, na husababisha kansa ya figo. Ndani ya mashine, kila kitu hutoka kwa wakati wake. Chenye klorini hunasa elektroni, umeme unapungua, na alama inachorwa. Hata mikrogramu 1 katika lita ya maji huonekana.

Tsvet alitenganisha rangi zinazoonekana kwa macho. Waliomfuata wanaitumia njia hiyo kwa sumu ambazo jicho haliwezi kuziona.